Mdogo wangu, akaunti ya duka ni ya nani?

Simu yako ikidumbukia kwenye ndoo ya maji jioni hii, utapoteza nini? Simu yenyewe utanunua nyingine, hata kwa kudunduliza. Lakini picha za mtoto tangu azaliwe, cheti cha kidato cha nne ulichokipiga picha, orodha ya wateja unaowadai, hivyo haviuzwi Kariakoo. Ndiyo maana leo nataka tuongee habari za kuhifadhi vitu kwenye wingu, na nitakaa zaidi na wenye biashara, kwa sababu huko ndiko ninakoona watu wakiumia.

Kwanza ondoa hofu. Kitu ulichokihifadhi kwenye wingu kinakaa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni fulani, ndani ya majengo yanayolindwa na kupozwa usiku na mchana. Wewe umepanga nafasi tu, na unaifikia kwa intaneti kutoka simu au kompyuta yoyote. Amazon ilianza kukodisha nafasi ya namna hiyo mwaka 2006, na sasa majengo ya kuhudumia makampuni yamesogea upande wetu wa dunia: Microsoft ilifungua ya kwake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafika Johannesburg mwaka 2024. Wala usidhani ni mambo ya makampuni peke yake. Baruapepe yako ya Gmail iko kwenye wingu. Nakala ya WhatsApp ya simu ya Android, kama umeiruhusu, nayo inaenda huko huko.

Google inakupa gigabaiti 15 bure, Apple inakupa 5. Hizo 15 zinagawanywa kati ya baruapepe, mafaili na picha, na tangu Juni 2021 kila picha mpya unayoipandisha inahesabiwa. Hapa sikiliza vizuri: nafasi ikijaa, Gmail inaacha kupokea barua. Video za harusi ya binamu zinaweza kukufungia oda ya mteja, nawe ukabaki kumlaumu mteja kwamba hajajibu. Kwa hiyo baruapepe ya biashara isichanganywe na picha za nyumbani.

Kosa jingine linaliza watu wengi. Unaona simu imejaa, unafungua Google Photos, unafuta picha ukiamini kwamba nakala iko salama mtandaoni. Ukifuta humo, umefuta kote, kwenye simu na kwenye wingu. Programu yenyewe ina sehemu ya kuondoa kwenye simu zile picha ambazo zimeshahifadhiwa; tumia hiyo. Na kama umeshafuta, kimbilia pipa la taka mapema: picha zilizokuwa kwenye wingu hukaa humo siku 60, mafaili ya Google Drive siku 30, baada ya hapo basi.

Sasa njoo dukani. Mama mmoja ana duka la nguo linalokwenda vizuri. Kijana wa mauzo anajua kompyuta kuliko yeye, basi anaambiwa afungue kila kitu: jedwali la mzigo, bei, namba za wateja, madeni. Anafungua kwa baruapepe yake mwenyewe, wala hana nia mbaya. Mwaka unapita, wanagombana juu ya mshahara, kijana anaondoka. Hajachukua hata kitambaa kimoja, lakini duka zima la kwenye mtandao limeondoka naye, maana kwa Google mwenye mali ni aliyeifungua akaunti. Mama anabaki kumbembeleza kwa simu ampe orodha ya watu anaowadai yeye mwenyewe.

Nakuomba kama dada yako, usifike huko. Fungua anwani kwa jina la biashara, na namba ya kuirejesha iwe yako wewe mwenye mtaji. Faili liundwe na akaunti ya duka, ndipo kijana akaribishwe kwa anwani yake. Unachagua mwenyewe kama ataangalia tu au ataruhusiwa kubadilisha. Akiondoka, unalitoa jina lake. Nywila usimpe mtu, hata shemeji. Huduma za kulipia, ambazo zinampa bosi mamlaka juu ya akaunti za wafanyakazi wote, zinatozwa kwa kila mtumiaji kila mwezi. Zina faida ukishakuwa na wafanyakazi kadhaa. Kabla ya hapo, akaunti ya kawaida iliyopangwa vizuri inatosha.

Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, ili mwizi wa nywila akwame akiulizwa msimbo unaotumwa kwenye simu yako. Ila fikiria hili: simu ikiibiwa na laini imo ndani, msimbo nao unaenda kwa mwizi, na wewe mwenyewe unabaki nje mpaka ukarudishe laini. Google inakuruhusu kutoa misimbo 10 ya akiba. Ichapishe, iweke kabatini pamoja na vyeti vyako. Na ukichapisha kwenye stesheneri ya mtaani, usiinuke kwenye kiti kabla hujatoka kwenye akaunti yako.

Mtandao wenyewe nao hukatika. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na kwa majirani. Duka lisisimame kwa ajili hiyo: bei na madeni yaweke yafunguke hata bila bando. Drive ina sehemu ya kuchagua hivyo kwa kila faili.

Tena usiache nakala moja tu huko juu. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine waliendelea na kazi. Baadhi ya wasiokuwa nayo walipoteza data zao moja kwa moja. Nunua diski ya nje, na kila mwisho wa mwezi, ukifunga hesabu, nakili humo mafaili ya biashara na picha za familia. Diski hiyo ikae nyumbani, isilale dukani.

Ukishapanga yote haya, yajaribu wakati simu yako bado nzima. Azima simu ya mtu unayemwamini, ingia kwenye akaunti ya duka, tafuta orodha ya madeni uone kama inafunguka na kama ina mauzo ya jana. Isipofunguka, una muda wa kurekebisha leo leo. Ikifunguka, toka kwenye akaunti kabla hujamrudishia mwenzio simu yake.