Flashi Isiyowaka: Mwongozo kwa Wapiga Picha na Mafundi

Mwongozo huu unahusu flashi ya kuchomeka juu ya kamera, ile ya betri nne za AA, inapogoma kabisa: unawasha swichi, kioo hakionyeshi kitu, taa ya kuashiria utayari haiwaki, na ule mlio mwembamba wa kujichaji hausikiki. Umeandikwa kwa mpiga picha wa harusi na wa studio, ambaye kifaa hiki ndicho mkate wake, na kwa fundi wa elektroniki aliyezoea redio na simu, ambaye flashi hufika mezani kwake mara moja moja.

Kwa fundi huyo lipo jambo linalotangulia mengine yote. Ndani ya flashi kuna kapasita kubwa inayohifadhi umeme wa takriban volti 330, na umeme huo hubaki humo hata betri zikitolewa, pengine kwa siku kadhaa. Simu haina kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo skrubu zisiguswe mpaka kila kinachoweza kukaguliwa kwa nje kiwe kimekaguliwa. Mara nyingi ubovu wa flashi isiyowaka huonekana hukohuko nje, kwenye chumba cha betri, na kazi huishia hapo.

Betri kwanza

Ondoa flashi kwenye kamera. Haihitaji kamera ili iwake, na ukiijaribu peke yake utajua kwamba tatizo ni lake. Kisha usiziamini betri kwa sababu tu zimetoka dukani leo. Zile za bei nafuu za zinki na kaboni huendesha saa ya ukutani miezi mingi, lakini flashi inapojichaji huvuta ampea kadhaa kwa mara moja. Betri hizo haziwezi kutoa mkondo huo. Volti zake huporomoka na ubongo wa flashi unazimika. Tumia alkalini, au betri za kuchaji za NiMH.

Kupima betri ikiwa haina kazi hudanganya. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti 1.4 kwenye multimita na bado ishindwe. Iunganishe na rezista ya omu 2.2 yenye wati 5 kwa sekunde mbili tatu huku ukisoma volti. Ikishuka chini ya 1.1, iweke kando. Pima zote nne moja moja, maana moja dhaifu inatosha kuziangusha tatu nzima. Usichanganye mpya na za zamani, wala alkalini na za kuchaji. Tazama pia mwelekeo wake: kwenye flashi nyingi mbili huelekea juu na mbili chini, na moja ikigeuzwa, umeme unaobaki ni nusu tu. Betri nyingine za kuchaji zina chuchu fupi isiyofikia kibati kilichozama ndani, na hilo hulioni mpaka ulitafute.

Flashi zenye betri yake maalumu ya lithiamu zina mambo machache tu ya kuangalia: vibati visafi, betri imeingia mpaka mwisho, na chaja inaonyesha kweli kwamba inachaji. Betri iliyokaa miezi mingi ikiwa tupu huenda isikubali tena chaji. Iliyovimba isifunguliwe na isichajiwe hata mara moja zaidi.

Hakikisha vilevile kwamba flashi haijalala tu. Nyingi hujizima zenyewe baada ya muda mfupi ili kuokoa betri, na huamka ukibonyeza kitufe cha kujaribia. Iliyopigwa mfululizo kwa nguvu zote hugoma kwa sababu ya joto. Iache ipoe dakika 15. Nyingine hurejea hali yake ukitoa betri kwa dakika kadhaa na kuzirudisha.

Betri zilizovuja

Hapa ndipo flashi nyingi zinapofia, na hapa ndipo fundi makini anapoweza kuzifufua kwa gharama ndogo. Mpiga picha anamaliza harusi, anaweka flashi kwenye begi na betri zake ndani, kazi zinapungua, na miezi mitatu baadaye betri imetapika. Utaona unga mweupe, mara nyingine wenye rangi ya kijani au buluu, kwenye springi na vibati.

Vaa glavu na miwani. Majimaji ya betri ya alkalini ni hidroksidi ya potasiamu, ambayo huchoma ngozi na ni hatari kubwa kwa macho. Kwa kuwa ni alkali, hutulizwa na tindikali hafifu: chovya pamba kwenye siki au maji ya ndimu, ikamue, kisha paka polepole mpaka vipovu vikome. Betri za zinki na kaboni ni kinyume chake, kwa sababu uchafu wake una tindikali. Hizo zinataka magadi ya kupikia yaliyoyeyushwa kwenye maji kidogo. Soma maandishi ya betri kabla ya kushika siki. Wakati wote shikilia flashi mdomo wa chumba ukiwa chini, ili hata tone moja lisiingie kwenye saketi. Malizia kwa spiriti, kisha iache ikauke saa kadhaa.

Nawasihi mafundi wasikimbilie msasa. Kibati cha flashi ni chuma kilichofunikwa kwa nikeli, na msasa ukiondoa nikeli hiyo, kibati kitang'aa leo kisha kishike kutu. Hewa ya Tanga, Mombasa na Unguja ina chumvi, na chuma kilichoachwa uchi hakina muda mrefu katika hewa hiyo. Ufutio wa penseli unasafisha vizuri bila kukwangua. Springi iliyokwisha kuliwa ibadilishwe; inapatikana kwenye vifaa vibovu vyovyote vya betri za AA.

Kifuniko nacho kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana. Katika flashi nyingi kinabeba vibati vinavyounganisha betri moja na nyingine, kwa hiyo kisipokaza sawasawa njia ya umeme inakatika. Kibonyeze kwa kidole huku ukiwasha. Ikiwaka, umeshapata jibu: lachi imelegea, au vibati vya kifunikoni vimelala na vinahitaji kuinuliwa kidogo. Wapo wanaojaza nafasi hiyo kwa karatasi ya fedha ya sigara. Karatasi hiyo ikiteleza inaweza kuunganisha ncha za betri, na betri ya NiMH iliyounganishwa hivyo hupata moto wa kuunguza mkono.

Betri zikipata joto ilhali swichi imezimwa, zitoe mara moja. Kuna shoti ndani, na flashi sasa ni kazi ya fundi.

Kabla ya kufungua

Mpiga picha asiyekuwa na mafunzo ya umeme aishie hapa. Kapasita ya maikrofaradi 1,400 iliyojaa volti 330 ina nishati ya juli 76 hivi, na mshtuko wake unaweza kuua. Kwamba flashi haiwaki si ushahidi kwamba kapasita ni tupu. Huenda ilizimika ikiwa imejaa. Ichukulie kila flashi kuwa imejaa.

Toa betri na uiache ikae. Andaa rezista ya omu 2,200 yenye wati 10, nyaya zake zikiwa na ncha zilizofunikwa kwa plastiki. Fungua skrubu kwa mkono mmoja mkavu, vidole vikiwa mbali na saketi, mpaka uione kapasita: mkebe wa duara, mkubwa kuliko kitu kingine chochote humo. Weka multimita kwenye volti 600 au 1,000 za DC, upime miguu yake miwili. Kisha gusisha rezista kwenye miguu hiyo kwa sekunde 20 na upime tena. Ikiwa chini ya volti 5, subiri dakika kadhaa upime mara ya tatu, kwa kuwa kapasita kubwa ina tabia ya kujirudishia sehemu ya umeme wake baada ya kutolewa. Njia ya kugonganisha miguu kwa bisibisi iachwe kabisa. Cheche yake hurusha chuma kilichoyeyuka na huweza kuharibu kapasita yenyewe.

Ndani

Fuata umeme unakoingia. Nyaya zinazotoka chumba cha betri ndizo za kwanza, na zile za flashi iliyovujiwa zishukiwe zaidi, kwa sababu majimaji hupanda ndani ya plastiki ya waya na kuigeuza shaba kuwa nyeusi. Waya wa namna hiyo unaweza kulia kwenye multimita na bado ushindwe kubeba ampea mbili. Kata kidogo, tazama rangi, na ukiwa mweusi badilisha wote kwa waya wa unene uleule.

Karibu na nyaya hizo kuna fyuzi ndogo iliyolehemiwa kwenye bodi. Ikiwa imekatika, usiiunganishe kwa kipande cha waya. Fyuzi haikatiki bure. Tafuta kwanza transista kubwa inayosukuma transfoma ya kuchajia na upime miguu yake. Ikionyesha shoti pande zote, hiyo ndiyo iliyokata fyuzi, na vyote viwili hubadilishwa kwa pamoja, transista ikiwa ya namba ileile. Swichi iliyoota kutu hujibu vizuri kwa dawa ya kusafishia vibati.

Kama umeme unafika kwenye regyuleta, yaani kidhibiti volti, nayo inatoa volti zake sawasawa, lakini kioo bado kiko kimya, basi ubongo ndio uliokufa. Sehemu hiyo haiuzwi peke yake kwa kawaida. Mwambie mteja ukweli siku hiyohiyo, na umtafutie flashi mbovu ya aina ileile ya kutolea bodi; kumzungusha wiki tatu kwa ahadi ni kumlia siku zake za kazi.

Ukifanikiwa, iwashe mara ya kwanza kwa umeme wa mezani wa volti 6 uliobanwa ampea 1. Mkondo ukiruka mpaka kikomo na kubaki hapo, zima, kuna shoti uliyoiacha. Ukishuka taratibu kadiri kapasita inavyojaa, hali ni nzuri. Flashi iliyokaa muda mrefu ipewe dakika kadhaa ikiwa imewashwa, kisha ipigwe kwa nguvu ndogo mara chache ili kapasita irudi katika hali yake, ndipo ipigwe kwa nguvu zote. Baada ya kuifunga, weka betri mpya, ipige mara 20 ukipumzika katikati, halafu uguse betri: uvuguvugu ni wa kawaida, moto si wa kawaida.

Mrudishie mteja flashi yake betri zikiwa kando, nje ya chumba chake, na umwonyeshe kibati ulichobadilisha, ili akikiona kinabadilika rangi alete mapema.