Kompyuta ya Shule: Kununua Iliyokamilika au Kuiunda Wenyewe?

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya msingi huenda siku moja akaulizwa na kamati ya shule: "Kwa fedha hizi chache, tununue kompyuta iliyokamilika au tununue viungo tuiunde wenyewe?" Makala haya yanakusudia kumsaidia kutoa jibu lenye sababu, na kumwonyesha jinsi swali hilo linavyoweza kuwa somo.

Faida na hatari za kuunda

Kompyuta ya mezani ina viungo vikuu sita: ubao mkuu unaounganisha vingine vyote, prosesa ifanyayo hesabu, kumbukumbu ya muda, diski ya kuhifadhia kazi, kisanduku cha kugawa umeme, na kasha. Anayeunda mwenyewe huchagua kila kimoja. Aweza kuanza na kumbukumbu ya gigabaiti 8 na kuiongeza baadaye. Lakini viungo havichanganywi ovyo. Kumbukumbu ya aina ya DDR4 haiingii katika ubao wa DDR3, kwani pengo lake limekatwa mahali pengine. Prosesa nayo hukubali tundu lake tu.

Sisi wenyewe tulilipia funzo hili. Tulinunua viungo katika maduka mawili. Prosesa ikakataa ubao, na kila muuzaji akamtupia mwenzake lawama. Fedha zilikwisha na kompyuta haikuwaka. Anunuaye iliyokamilika ana muuzaji mmoja wa kumdai, na dhamana moja ya maandishi.

Kununua peke yake hakutoshi

Katika shule moja tuliyoizuru wakati wa mazoezi ya kufundisha, tuliikuta kompyuta imefunikwa kitambaa kwa mihula miwili. Ilizimika, na hakuna aliyethubutu kuifungua. Tulipoifungua tuliona kipande cha kumbukumbu kimelegea. Tulikichomoa, tukakipangusa vumbi, tukakirudisha, ikawaka. Watoto walikosa masomo mihula miwili kwa sababu ya kazi ya dakika kumi.

Kwa hiyo tunashauri hivi: mashine ya kazi inunuliwe ikiwa kamili, na mashine kuukuu itafutwe kwa ajili ya kujifunzia, ifunguliwe na kuundwa tena.

Hatua za somo

1. Mwalimu achomoe waya wa umeme. Kila mwanafunzi aguse chuma cha kasha kabla ya kushika kiungo, ili umeme tuli ulio mwilini usikiharibu. Kisanduku cha umeme kisifunguliwe kamwe, kwani huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

2. Wanafunzi wachore mahali pa kila kiungo kabla ya kukitoa.

3. Kila kikundi kieleze kazi ya kiungo chake, kisha kikirudishe kwa kufuata mchoro.

4. Mashine iwashwe. Isipowaka, mwalimu asiharakishe kuitengeneza. Aulize: "Tukague kiungo kipi kwanza, na kwa nini?" Hapo ndipo kiini cha somo kilipo, kwani mtoto aliyezoea kutafuta chanzo cha kosa hataiogopa mashine.

Zoezi

Iandikie kamati ya shule barua ya kurasa mbili ukiishauri juu ya ununuzi wa kompyuta moja. Taja matumizi yake, dhamana, na nani ataifungua siku itakapozimika.