Sindano ya kupunguza taya: tiba au kubadili umbile?

Akina dada wameniuliza hukumu ya sindano ya botoksi ya kupunguza taya. Sindano hii hulegeza msuli wa kutafunia mpaka usinyae. Baada ya miezi kadhaa nguvu yake huisha, na anayetaka sura ile hurudi kuchomwa tena.

Ndugu Waislamu, tutazame kusudio. Anayesaga meno usingizini hadi taya zikamuuma, huyo anatafuta tiba. Mtume (S.A.W.) alimruhusu Arfaja, aliyepoteza pua vitani, kuweka pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kutoa harufu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Lakini mwenye taya zima, anayetaka wembamba tu, naona anaingia katika onyo la Surat An-Nisaa, aya ya 119. Dada yangu, uso aliokupa Mola si maradhi.

Wallahu a'lam.