Kikombe Kitamu, Kiuno Chepesi: Vidokezo 7 Kuhusu Sukari Bandia

Huku kwetu Sigor chai haina saa maalumu. Kuna ya alfajiri kabla ya kukamua, kuna ya saa nne, kuna ya mgeni, na kuna ile ya jioni ambayo hakuna anayeikosa. Basi ukitaka kupunguza kilo, utapitia kwenye kikombe tu, upende usipende. Madukani nako vidonge na vipakiti vya sukari bandia vinakukonyeza macho. Je, ndivyo dawa? Vinasaidia kidogo. Mengine yako mikononi mwako, na si magumu hata kidogo!

1. Kijiko kisiwe na kilima

Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4 za sukari, yaani kalori 16. Ukinywa vikombe vinne vyenye vijiko vitatu kila kimoja, umeshakula kalori zipatazo 190 kabla hujagusa kimyet, yaani ugali. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama vijiko sita. Na sisi tunavyochota, kijiko kimoja si mara nyingi ni viwili? Kisawazishe kwa kidole kabla ya kumimina. Umeshaanza kupunguza na hata hujajinyima.

2. Sukari ihame kutoka kwenye sufuria

Ukifuata kidokezo kimoja tu, fuata hiki. Nyumbani kwetu wengi, sukari hutiwa kwenye sufuria pamoja na majani na maziwa, kila kitu kikachemka kwa pamoja. Matokeo yake, mtoto wa chekechea, kijana wa bodaboda na kogo (bibi) mwenyewe wanakunywa utamu uleule, aliopima mtu mmoja aliyekuwa na haraka. Chemsha chai bila sukari, kisha weka kopo la sukari mezani na kijiko kidogo. Kogo akitaka vitatu, ajiwekee vitatu kwa heshima zote. Wewe anza kupunguza nusu kijiko kila wiki. Kwa mwezi mmoja umeshuka kutoka vijiko vitatu hadi kimoja, na ulimi utakuwa umezoea. Siku ukipewa ile chai ya zamani utashangaa uliwezaje kuimaliza. Kipande cha tangawizi iliyopondwa au punje mbili za iliki huifanya chai iwe na ladha nzito hata sukari ikiwa kidogo. Maziwa nayo yana utamu wake wa asili, ila sukari nyingi huufunika.

3. Kidonge ni mkongojo, si mguu

Mnamo Mei 2023, WHO ilitoa mwongozo unaoshauri watu wasitegemee sukari bandia ili kudhibiti uzito. Kwa nini? Katika majaribio ya muda mfupi, waliotumia sukari bandia walipungua kidogo tu, wastani usiofika kilo moja. Watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi hawakuonyesha faida hiyo, na waliozitumia sana walionekana kuwa na unene, kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo zaidi ya wenzao. Tuwe waangalifu hapa: hilo halithibitishi kwamba kidonge ndicho kilichowanenepesha. Huenda wengi walikimbilia kidonge kwa sababu walikuwa wameshaanza kunenepa, na ndiyo maana WHO yenyewe ilitoa pendekezo hilo kwa masharti. Ushauri wangu: kama kuacha sukari ghafla kunakushinda, tumia kidonge kwa wiki chache, huku nacho ukikipunguza. Ulimi ukibaki umezoea utamu mkali, hujafika popote.

4. Hata stevia ya kwetu imo

Stevia tunaijua vizuri huku. Kampuni ya PureCircle iliileta Kericho na kuingia mikataba na wakulima wa milima hii. Mmea wenyewe asili yake ni Paraguay, ambako Waguarani waliutumia tangu zamani, na dondoo lake lina utamu wa mara 200 hadi 300 ya sukari. Ni zao zuri la kuuza, lakini usidhani kwamba kwa kuwa limeota shambani basi linapunguza kilo. Mwongozo wa 2023 uliitaja stevia pamoja na aspatemu, sakarini na sukralosi. Mbinu ya jikoni: stevia inastahimili moto, lakini aspatemu hupoteza utamu ikichemshwa. Aspatemu iweke kikombeni mwishoni, usiitie kwenye sufuria.

5. Geuza chupa

Soda ya kawaida ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, karibu vijiko vinane. Ukinywa isiyo na sukari, hapo kweli umeokoa kalori. Ukinywa maji umeziokoa zote, na mfuko pia! Na ile juisi ya kuchanganya na maji? Soma maandishi madogo: E951 ni aspatemu, E952 ni saiklameti, E954 ni sakarini, E955 ni sukralosi, E960 ni stevia. Kama uliogopa habari za Julai 2023 kuhusu aspatemu na saratani, kamati ya wataalamu iliacha kiwango salama palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 ya soda zenye aspatemu kwa siku ili akivuke.

6. Usijilipe kwa chapati

"Chai yangu haina sukari, basi niongeze chapati." Hapana, rafiki! Chapati moja kubwa ya mafuta huzidi kalori 200, yaani zaidi ya vijiko 12 vya sukari. Kiazi kitamu cha kuchemsha kitakushibisha vizuri kando ya kikombe.

7. Mwenye kisukari, soma hapa mara mbili

Lile pendekezo la WHO halikuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Kwao sukari bandia bado inaweza kuwa na nafasi yake, na wa kuwashauri ni daktari wao, pale hospitali ya Longisa, ya Tenwek au kliniki iliyo karibu. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, zungumza naye kabla ya kubadilisha mlo, maana dozi huenda ikahitaji kurekebishwa. Na jambo hili kila mtu nyumbani alijue: sukari ya mgonjwa ikishuka, akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari bandia haitamsaidia. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya sukari halisi kwenye maji, subiri dakika 15, na kama hajapata nafuu rudia. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni; mkimbize hospitali. Kwa hiyo weka pakiti ndogo ya sukari halisi mahali ambapo hata mtoto anaifikia, na uwaonyeshe wote leo jioni ilipo.