Je, Dini Huwalinda Mabinti?

Katika nchi ya Marekani kuna ubishi uliodumu miaka mingi. Wengine husema: dini ikififia, mabinti huchukua mimba kabla ya wakati wao. Wengine hujibu: tazameni hesabu, mahali ambapo watu husali zaidi, ndipo watoto huzaa watoto. Mkristu anayesikia maneno hayo asikasirike upesi, wala asiogope. Ukweli si adui wa imani. Yafaa apime neno la kila upande.

1. Hesabu zasema nini

Mwaka 2006, katika jimbo la Mississippi, ambako watu wengi mno hushika dini, kwa kila wasichana 1,000 wenye miaka 15 hadi 19 walizaliwa watoto 68. Katika New Hampshire, ambako wasioshika dini ni wengi, watoto hawakufika 19. Mwaka 2009 wataalamu wawili, Joseph Strayhorn na Jillian Strayhorn, walilinganisha majimbo ya nchi ile, wakaona mambo hufuata mwendo huo kwa jumla. Mtu aweza kusema kwamba shida ni umaskini tu. Lakini wataalamu hao walitia katika hesabu yao mapato ya watu, na hata utoaji wa mimba, tofauti haikuisha.

2. Mtu mmoja si jimbo zima

Hata hivyo, hesabu ya jimbo haimhukumu mtu. Kijiji chenye waganga wengi kikiwa na wagonjwa wengi, haifuati kwamba waganga ndio wagonjwa. Wataalamu wale wenyewe walikiri kwamba hesabu yao haionyeshi chanzo cha mambo. Utah ni jimbo la watu washika dini sana, na mwaka ule wa 2006 mabinti wake walizaa kwa kiasi kilicho chini ya kile cha nchi nzima.

Tena, kuzaa mapema na kuzaa nje ya ndoa ni mambo mawili. Mwaka 1957 nchi ile ilifikia kilele: watoto 96 kwa wasichana 1,000. Lakini siku zile wengi wa mama hao wachanga walikuwa wameolewa. Mwaka 2022 hesabu ilikuwa imeshuka chini ya 14. Mwenye kuhesabu watoto tu, bila kuuliza habari za ndoa, atakosea njia.

3. Ahadi iliyosahauliwa

Kuanzia mwaka 1993, Wabaptisti wa kusini mwa Marekani waliwaalika vijana kutia sahihi ahadi ya kukaa safi mpaka ndoa. Je, ahadi ilifaa? Peter Bearman na Hannah Brückner walichunguza, na mwaka 2001 wakaeleza kwamba ilisaidia: walioahidi walichelewa, kwa kadiri, miezi 18 hivi. Lakini ilisaidia pale tu ambapo walioahidi walikuwa wachache kati ya wenzao. Palipokuwa na wengi, ahadi ilipoteza nguvu yake. Tena, waliovunja ahadi hawakujikinga kama wenzao.

Mwaka 2009 Janet Rosenbaum alitoa habari nyingine. Aliwalinganisha vijana walioahidi na wenzao waliofanana nao kwa imani na malezi, ila hawakuahidi. Baada ya miaka mitano mwenendo wao ulikuwa sawasawa. Na katika walioahidi, 82 kwa kila 100 walikana kwamba waliahidi kamwe!

4. Fundisho kwa wazazi

Habari hizo hazisemi kwamba imani ni bure. Zasema kwamba karatasi haiwezi kufanya kazi ya baba na mama. Binti aliyeambiwa «usifanye» tu, asielezwe mwili wake ni nini, ndoa ni nini, wala maneno ya kubembeleza ya wanaume yana mtego gani, ametumwa vitani bila ngao. Nyumba yake imejengwa juu ya mchanga.

Wazazi wengine huona haya, wakidhani kunyamaza ndiyo heshima. Eklezya haifundishi hivyo. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba watoto, kadiri wanavyokua, wapewe malezi mema na yenye busara juu ya mambo ya jinsia. Papa Fransisko alilikumbusha neno hilo mwaka 2016.

Na kama binti ameanguka? Nyumba inayomfukuza humfundisha kuficha, na mara nyingine kuua kile alichobeba tumboni. Tena kijana aliyempa mimba asiachwe akatembea bila kuulizwa neno, maana amri ya sita yawahusu wote wawili. Dini humlinda binti pale inapokaa nyumbani, ikisema naye kabla ya hatari, na kumpokea baada yake.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini hesabu ya jimbo haitoshi kumhukumu mtu mmoja?
2. Ahadi ilipoteza nguvu pale walipoahidi wengi. Sababu yake yaweza kuwa nini?
3. Katika mji huu, nani husema na mabinti juu ya miili yao? Na nani husema na vijana wa kiume?
4. Binti akipata mimba, Wakristu jirani zake wamtendee nini wiki ile ya kwanza?