Hesabu Pumzi za Mtoto
Kijitabu cha kaya, Morogoro na vijiji vya Uluguru

Juni na Julai, baridi ikikaza Mgeta na Nyandira, watu husogea karibu na mafiga. Mlango ukifungwa, joto hubaki ndani, na moshi nao hubaki. Mtoto akianza kukohoa na kuchemka, mzazi hujiuliza: ni mafua, malaria au nimonia?

Nimonia ni nini?
Ni ugonjwa wa mapafu. Wengine huuita kichomi. Vifuko vya hewa hujaa majimaji na usaha, mtoto akakosa hewa. Bakteria aitwaye nyumokokasi ni miongoni mwa wanaouleta sana. Hukaa puani na kooni hata kwa mtoto mzima wa afya. Akishuka mapafuni huleta nimonia. Akifika kwenye utando wa ubongo huleta homa ya uti wa mgongo.

Utafiti ulionyesha nini?
Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na hapa mkoani kwetu, Ifakara. Malaria ilikutwa kwa mtoto 1 hivi katika kila 10. Watoto 6 katika kila 10 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, lakini ni wachache tu kati yao ambao picha ya eksirei ilionyesha nimonia. Wengi walikuwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Kwa hiyo si kila homa ni malaria, wala si kila kikohozi ni nimonia.

Hesabu hivi
Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua. Hesabu kinavyopanda kwa dakika 1 nzima ukitumia saa ya simu. Pumzi ni za haraka zikifika:
- 60 au zaidi: chini ya miezi 2
- 50 au zaidi: miezi 2 hadi 11
- 40 au zaidi: mwaka 1 hadi 5

Zikifika hapo, mpeleke zahanati siku hiyohiyo.

Usingoje kuche
Ondoka mara moja ukiona mbavu za chini zinabonyea ndani akivuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea. Njia za mlimani ni ndefu, na mvua huziharibu.

Dawa
Akiandikiwa amoksilini, maliza siku zote ulizoambiwa hata akichangamka mapema. Usinunue vidonge viwili vitatu dukani, wala usimpe mdogo wake vilivyobaki. Hivyo ndivyo bakteria wanavyopata usugu.

Kinga
- Chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013: wiki ya 6, 10 na 14. Angalia kadi ya kliniki.
- Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6.
- Kunawa mikono kwa sabuni.
- Kumweka mtoto mbali na moshi. Fungua dirisha unapopika.

Bandika ukurasa huu karibu na mlango. Bibi, mjomba na dada wa nyumbani nao wajifunze kuhesabu, maana ugonjwa huu haumngoji mama arudi kutoka shambani.