Kungoja kwenye Nanga

Tuseme umeondoka Nansio, Ukerewe, kwa mashua ya tanga. Umebeba magunia ya dagaa wakavu na abiria wawili. Unakwenda Mwanza, ambako mnunuzi anakungoja kwenye soko la Mwaloni, Kirumba. Upepo wa alasiri ulikuwa mzuri, lakini sasa umekatika ghafla. Jua linazama. Upande wa ziwani wingu jeusi limeinuka, na maji yaliyo chini yake yamegeuka rangi. Je, utaendelea, au utatafuta mahali pa kutia nanga?

Kwanza tujue wingu hilo linatoka wapi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda juu, na upepo hutoka ziwani kuja kujaza nafasi iliyoachwa. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ziwa Victoria ni kubwa sana. Lina kilomita za mraba 68,800 hivi, nalo limezungukwa na Tanzania, Uganda na Kenya. Pepo za usiku kutoka pande hizo hukutana ziwani. Zikikutana hazina pa kwenda ila juu, nazo hupanda pamoja na mvuke wa maji. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri. Mtu wa bara aliyezoea mvua ya alasiri hudanganyika. Mgeni hudanganyika pia na wadudu wadogo wa ziwani. Wakiruka kwa makundi, kwa mbali huonekana kama moshi au mvua, kumbe ni wadudu tu!

Basi, umeamua kungoja. Tafuta ghuba ndogo, au upande wa kisiwa usiopigwa na upepo. Lakini usijibanze karibu na mawe. Pwani ya Mwanza ina mawe makubwa, na mengine yamejificha chini ya maji. Upepo ukigeuka, kisiwa kilichokukinga ndicho kitakachokuvunja. Teremsha tanga mapema, ulifunge vizuri, kabla upepo haujafika.

Sasa tia nanga. Hapa watu wengi hukosea kwa kubana kamba. Fikiri juu ya jembe. Ukilivuta jembe kwa chini, linachimba ardhi. Ukilivuta kwenda juu, linang'oka. Nanga ya chuma ni vivyo hivyo. Kamba ikiwa fupi, kila wimbi huinua nanga. Kamba ikiwa ndefu, hulala, nayo nanga huzama katika mchanga au tope. Kwa hiyo kamba iwe ndefu mara tano ya kina cha maji, na wakati wa dhoruba mara saba. Tufanye hesabu. Kina ni pima 3. Mara tano ni pima 15. Mara saba ni pima 21. Pima kamba yako kwa mikono ukiwa nyumbani, siyo gizani. Nanga ya jiwe hushika kwa uzito wake tu. Huburutwa upesi, basi usiitegemee katika upepo mkali.

Utajuaje kwamba nanga imeshika? Chagua vitu viwili nchi kavu, kama mti na jiwe lililo nyuma yake. Vikiwa katika mstari mmoja, viangalie tena na tena. Mashua huyumba kidogo huku na huku, hilo si neno. Lakini mstari ukipotea na usirudi, nanga inaburutwa. Usiku shika kamba kwa mkono. Ikitetemeka na kustuka-stuka, nanga inakwaruza chini. Ongeza kamba. Watu wasilale wote pamoja. Mmoja akeshe, mwingine achote maji kwa debe, na kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha. Radi zikipiga, kaeni chini, mbali na mlingoti.

Ziwa hili limewapa taabu hata waliokuja na vyombo vizuri. Mwezi Machi 1875 msafiri Henry Stanley aliondoka Kageye, pwani ya Mwanza, kwa mashua iitwayo Lady Alice. Mashua hiyo ilitengenezwa Uingereza, ikabebwa vipande vipande na wapagazi. Alilizunguka ziwa akarudi mwezi Mei. Huko Bumbire aligombana na wenyeji, akakimbia bila makasia. Watu wake walipiga maji kwa mbao walizong'oa ndani ya mashua. Kisha dhoruba ikawakuta, wakachukuliwa na mawimbi usiku. Mwishowe walifika kisiwa kisicho na watu, wakala ndizi na kupumzika. Stanley alikiita Kisiwa cha Kimbilio. Jina lake limo katika vitabu vingi, lakini mabaharia wale hawatajwi sana.

Turudi kwenye mashua yako. Mvua imepungua, nyota mbili tatu zinaonekana. Simu inalia. Mnunuzi anasema bei itashuka asubuhi. Abiria mmoja ananung'unika kwamba nahodha ni mwoga. Hii ndiyo saa ya hatari kuliko ile ya upepo. Mara nyingi wingu la kwanza hufuatwa na la pili, na utulivu wa katikati ni mfupi. Ngoja mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kama usiku ni mwingi, ngoja mpaka kupambazuke, uone ziwa lote kwa macho yako.

Shauri hili ni gumu likikatwa ndani ya mashua. Lifanyieni mapatano kabla ya kuondoka. Mwenye mali, nahodha na abiria wakubaliane kwamba neno la kung'oa nanga ni la nahodha peke yake. Wakubaliane pia hasara ya dagaa waliolowa itagawanywaje. Sikilizeni redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Chukueni chakula cha siku moja zaidi, turubai la kufunika magunia, na maji yaliyochemshwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kina cha maji ni pima 4. Wakati wa dhoruba utatoa kamba pima ngapi?
2. Katika mwalo wenu, ni nani huamua safari iahirishwe? Je, husikilizwa?
3. Gunia moja la dagaa likilowa, nani alipe?